Kifua Kikuu: Mgonjwa Anaweza Kuponea Nyumbani

(Hotuba ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii wa parokia kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa ombi la vikundi ambavyo havikuwa na mjumbe siku hiyo.)

  Nimeombwa niseme machache juu ya afya katika vikundi, na najua wengi wenu mlitarajia nirudie mambo ya vyoo na maji ya kuchemsha. Leo sitaenda huko. Nataka tuongee juu ya kifua kikuu, ile TB, kwa sababu ya jambo lililotokea katika kikundi kimoja ninachokitembelea, na mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu yangu katika jambo hilo.

Kikundi chenyewe kina watu kama 20, wanafuga kuku na wana merigoraundi ya kila mwezi. Mwanachama mmoja, baba wa watoto wanne, alikohoa kwa muda mrefu, akakonda, usiku jasho linamtoka mpaka shuka inalowa. Alipokwenda kupimwa makohozi akaambiwa ni TB, akaanzishwa dawa. Habari zilifika kikundini kabla yeye hajafika nyumbani, mnajua vile habari hutembea. Katika mkutano uliofuata mwekahazina alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba afadhali apumzike mpaka apone, na zamu yake ya merigoraundi apewe mwingine. Kwake nyumbani alitengewa sahani na kikombe, akahamishiwa kulala katika jiko la zamani nyuma ya nyumba. Nilipoitwa kutoa shauri, nikasema wamefanya vizuri. Ndiyo, mimi. Nilikuwa na diploma yangu ukutani na nikasema hivyo.

Mwezi wa tatu yule baba alikuwa amepata nafuu. Hakohoi, uso umejaa kidogo. Akaacha dawa. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyekaa karibu naye akaona kama anameza au hamezi. Akaenda mbali kutafuta vibarua. Alirudi baada ya miezi saba, amebebwa kwa pikipiki katikati ya watu wawili. Nitawaambia baadaye aliendeleaje.

Baada ya hapo ndipo nilipotafuta kusoma yale niliyopaswa kuyasoma zamani. Na mtu aliyenifundisha zaidi ni daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Wallace Fox. Alizaliwa mwaka wa 1920, akafariki mwaka wa 2010. Karibu maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwa ugonjwa huu mmoja, na aliandika matokeo ya kazi yake katika magazeti ya madaktari, ambayo watu kama sisi hatuyaoni. Lakini nawaambia, maswali aliyojiuliza yalikuwa maswali ya vijijini kabisa. Je, mgonjwa maskini anaweza kuponea nyumbani kwake? Je, ataiambukiza familia? Je, anameza kweli zile dawa tunazompa?

Ili muelewe uzito wa maswali hayo, ni lazima tukumbuke mambo yalivyokuwa. Kijidudu cha TB kiligunduliwa na Robert Koch kule Ujerumani mwaka wa 1882. Tangu hapo mpaka miaka ya 1940 hakukuwa na dawa ya kukiua ndani ya mwili wa mtu. Kwa hivyo wagonjwa, hasa kule Ulaya, walipelekwa katika hospitali za pekee zilizoitwa sanatoria, mara nyingi mlimani au mbali na mji, wakalala kitandani miezi mingi, wale vizuri, wavute hewa safi. Wengine walipona, wengi hawakupona. Ikaja dawa ya kwanza ya kufaa, sindano ya streptomaisini, iliyopatikana Marekani mwaka wa 1943. Watu wakafurahi sana. Lakini ilipotumiwa peke yake, wagonjwa walipata nafuu miezi michache, kisha vijidudu vikaizoea na ugonjwa ukarudi. Ndipo madaktari wakajifunza kwamba TB haipigwi kwa dawa moja. Ni lazima dawa mbili au zaidi kwa pamoja, ili kijidudu kinachoiponyoka hii kikutane na ile.

Sasa dawa zipo, lakini ile fikira ya zamani ilibaki: mgonjwa wa TB mahali pake ni kitandani, mbali na watu. Kwa nchi tajiri hilo lingewezekana. Kwa nchi kama India, ambako wagonjwa walikuwa wengi kupita kiasi na vitanda vichache mno, maana yake ilikuwa kwamba maskini wafe wakingojea nafasi.

Mwaka wa 1956 kilianzishwa kituo cha utafiti katika mji wa Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai. Kilianzishwa kwa ushirikiano wa serikali ya India, serikali ya jimbo la Madras, Shirika la Afya Duniani, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na Fox akapewa kukiongoza. Wakachukua wagonjwa wa TB ya mapafu kutoka mitaa ya maskini, wakawagawa kwa njia kama ya kura, asiwepo mtu wa kuchagua nani aende wapi. Nusu walilazwa sanatoria mwaka mzima, wakapumzika, wakala chakula kizuri. Nusu walibaki makwao, katika vyumba vidogo vilivyojaa watu, chakula kidogo, na wengi wao wakirudi kazini wakipata nguvu. Dawa zilikuwa zile zile kwa wote, aina mbili, kwa muda wa mwaka mmoja. Wale wa nyumbani walikuwa wakifika kliniki kila wiki kuchukua dawa zao.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1959. Wale wa sanatoria waliongeza uzito zaidi, kama mtu angevyotarajia. Lakini katika kupona, tofauti ilikuwa ndogo. Wagonjwa wa nyumbani, wenye njaa yao na msongamano wao, walipona karibu sawa na wale wa kitandani. Kilichoponya ni dawa. Nilisoma hapo nikarudia kusoma, kwa sababu mimi mara ngapi nimewaambia wagonjwa, "Bila maziwa na mayai dawa hii haitakusaidia"? Chakula ni kizuri, nitakirudia, lakini mtu asiyekuwa na mayai asidhani dawa ni bure kwake.

Na sasa sikilizeni hili, akina mama hasa. Wale watafiti hawakuishia kwa mgonjwa. Waliwafuata watu wa nyumba zote mbili, waliobaki na mgonjwa ndani na wale ambao mgonjwa wao alipelekwa sanatoria, wakawapima kwa muda wa miaka 5. Walioishi na mgonjwa anayetumia dawa hawakupata TB zaidi ya wale ambao mgonjwa wao aliondolewa. Inawezekanaje? Ni kwa sababu hatari kubwa ya kuambukiza ni kabla ya matibabu, ile miezi ambayo mtu anakohoa na kunywa dawa ya kikohozi kutoka dukani, wote wanamwambia ni baridi tu. Akishaanza dawa zinazomfaa, nguvu ya kuambukiza hushuka upesi sana. Kwa maneno mengine, tunamkimbia mtu siku ile hasa anapoanza kutokuwa hatari, na kabla ya hapo tulikuwa tukila naye na kulala naye bila wasiwasi wowote.

Sisemi msichukue tahadhari. Katika wiki za kwanza mgonjwa azibe mdomo anapokohoa, asiteme makohozi ovyo, na madirisha yafunguliwe hewa ipite, maana TB hupitia hewani, katika vitone vinavyotoka mtu anapokohoa au kupiga chafya. Ikiwezekana alale katika chumba chenye hewa, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Lakini sahani? Kikombe? Kusalimiana kwa mkono, au kukaa benchi moja kanisani? Hakuna TB inayopita hapo. Lile jiko la zamani tulilomweka yule baba halikuwa na dirisha hata moja. Hewa safi ndiyo hatukumpa, tukampa aibu.

Nirudi kwa Fox, kwa sababu hilo swali lake la tatu ndilo lililonipiga. Mwaka wa 1958 aliandika makala nzima juu ya shida ya wagonjwa kujimezea dawa wenyewe. Kule Madras hawakutosheka na mgonjwa kusema "nimemeza." Walikwenda nyumbani bila taarifa na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Walipima mkojo kuona kama dawa imepita mwilini. Wakagundua kwamba watu huacha kumeza, na si wajinga tu wala wakaidi tu. Watu wema, wenye kupenda maisha, huacha. Na daktari hawezi kumtambua atakayeacha kwa kumtazama usoni. Ndipo likakua wazo kwamba mgonjwa ameze mbele ya mtu mwingine. Sio kwa kumshuku. Ni kwa sababu safari ni ndefu na mtu peke yake huchoka.

Swali lililofuata basi: safari yenyewe haiwezi kufupishwa? Siku hizo matibabu yalichukua mwaka na nusu. Ebu fikiria kumeza dawa kila siku miezi 18, sehemu kubwa ya muda huo ukijisikia mzima kabisa. Na hapa ndipo habari inapofika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Fox, ambaye sasa alikuwa mkuu wa kitengo cha utafiti wa TB kule London, pamoja na mwenzake Denis Mitchison aliyekuwa mtaalamu wa maabara, walishirikiana na madaktari wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Wagonjwa walikuwa watu wa huku kwetu, katika hospitali za huku kwetu. Walipewa dawa kwa miezi 6 tu, makundi mbalimbali dawa mbalimbali, kisha wakafuatiliwa kuona ni nani ugonjwa utamrudia. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka wa 1972.

Wote walipata streptomaisini na isoniazidi. Kundi ambalo halikuongezewa kitu, ugonjwa uliwarudia karibu watu 29 katika kila 100. Kundi lililoongezewa pirazinamidi, karibu 8. Na kundi lililoongezewa rifampisini, karibu 3 tu. Miezi 6! Kutoka hapo na majaribio mengine yaliyofuata ndipo dunia ilipopata matibabu mafupi. Mara nyingi tunadhani tiba zote hutengenezwa ng'ambo sisi tukapokea tu. Hii hapana. Wazee wengine wa huku, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote, walilala hospitalini miezi 6 na kutoa makohozi yao yapimwe, na leo mgonjwa wa Brazili na wa Ufilipino anaponea humo.

Mitchison alieleza pia kwa nini ni lazima miezi 6 iishe, na ninyi kama wakulima mtaelewa upesi. Vijidudu vya TB havifanani. Vingi huzaliana haraka, na hivyo dawa huvimaliza katika wiki za kwanza, ndiyo sababu kikohozi hukoma na mtu akadhani amepona. Lakini vichache hulala. Ni kama mizizi ya sangari shambani: ukifyeka juu, shamba linaonekana safi, mvua ikija unalia. Rifampisini na pirazinamidi zina uwezo wa kuvifikia hivyo vinavyolala, lakini polepole. Mtu akiacha mwezi wa tatu amefyeka, hajang'oa. Na mbaya zaidi ni yule anayemeza leo, kesho hapana, wiki ijayo tena. Huyo anavifundisha vijidudu kuizoea dawa, na TB sugu ikishaingia, dawa za kawaida hazimfai tena, na yeyote atakayeambukizwa naye ataanza na ugonjwa ulio sugu tayari.

Siku hizi mgonjwa wa TB ya kawaida hupewa dawa nne katika miezi 2 ya kwanza: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha miezi 4 inayobaki hupewa rifampisini na isoniazidi. Katika hospitali za serikali dawa hizi ni za bure. Dawa nyingine ya zamani, tayasetazoni, iliachwa baada ya kuonekana kwamba inawadhuru vibaya ngozi watu wenye virusi vya UKIMWI. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 1991 ulifanyika hapa hapa Nairobi. Na juu ya UKIMWI niseme neno moja tu: si kila mwenye TB ana virusi, wala si kila mwenye virusi ana TB, lakini kila mwenye TB apimwe, kwa sababu akiwa na virusi matibabu yake hupangwa yote mawili. Msianze kunong'onezana.

Pamoja na hayo yote, ugonjwa haujaisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB duniani, na watu milioni 1.25 wakafa. Tiba ya miezi 6 ina zaidi ya miaka 50 na bado watu wanakufa. Mimi sioni kwamba shida ni kukosa wataalamu peke yake. Shida nyingine inakaa katika mikutano yetu, pale tunapoamua nani akae nje.

Kwa hivyo naomba vikundi vifikirie mambo fulani. Mtu akikohoa wiki mbili, msimtazame tu. Mwambieni akapimwe, na kama anaogopa, mmoja wenu amsindikize. Akionekana ana TB, wote wanaoishi naye wachunguzwe, hasa watoto chini ya miaka 5, maana wanaweza kupewa dawa ya kuwakinga kabla hawajaugua. Halafu achaguliwe mtu wa kumwona akimeza. Mgonjwa mwenyewe amchague, sio ninyi, na wala sio lazima awe mwenyekiti au mtu wa cheo. Awe jirani anayepita pale kila siku na asiye na mdomo mrefu. Akunywe naye uji, aone vidonge vimeingia, basi, aende shambani kwake. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba mkojo utabadilika rangi, utakuwa kama wa machungwa au mwekundu, kwa sababu ya rifampisini. Wengine wameacha dawa wakidhani ni damu. Kumbe rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba dawa imefika mwilini. Lakini akiona macho yanageuka manjano, au anatapika asiache, au macho hayaoni vizuri, arudishwe kliniki siku hiyo hiyo, asingoje tarehe yake.

Na zamu ya merigoraundi msimnyang'anye. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama si haki kikundi kijilinde, maana mgonjwa hawezi kuchanga. Nilimwuliza, ni kiasi gani? Tulipiga hesabu: michango yake ya miezi 6 ilikuwa kidogo kuliko gharama ya chakula tunachopikia watu katika matanga ya siku tatu. Dawa hizi huleta njaa kali mtu anapoanza kupona, na wengi huacha kwa sababu ya hiyo njaa. Wanaogopa kuimeza bila kitu tumboni. Debe la mahindi mwezi wa pili linaweza kuwa sababu ya mtu kufika mwezi wa sita. Nauli ya kliniki vivyo hivyo. Fox alionyesha kwamba mtu anaweza kupona hata na chakula kidogo, lakini hakusema tumwache na njaa mpaka aache dawa.

Sasa yule baba. Aliporudi alikuwa anakohoa damu. Tulimpeleka, akapimwa tena, na kwa neema ya Mungu ugonjwa haukuwa umekuwa sugu, akaanzishwa upya. Mtoto wake mdogo, wa miaka 3, alipatikana na TB pia. Sikulala usiku huo. Safari hii hakuna jiko la zamani. Alilala ndani ya nyumba, dirisha wazi, na aliyechaguliwa naye kumwona akimeza alikuwa, hamtaamini, yule yule mwekahazina. Sijui walizungumza nini wawili wao siku ya kwanza, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba kwa miezi 6 mwekahazina alipita pale kila asubuhi akienda kukamua ng'ombe, na kadi ya kliniki haina hata siku moja iliyorukwa. Mtoto amepona kabisa, yuko shule ya chekechea. Baba amepona TB, lakini mapafu yalikuwa yameharibika kabla hatujamrudisha. Hawezi kulima mstari mmoja bila kuketi. Kikundi kimempa kazi ya kuweka vitabu vya kuku, na zamu yake ya merigoraundi alirudishiwa mwezi wa Februari.

Naona mwenyekiti ananiashiria kwamba chai iko tayari. Wenye maswali ya hadharani tuulizane sasa hivi. Mwenye swali la siri, au mwenye mtu anayekohoa nyumbani, nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi, na wa kutoka mbali nitawapa barua ya kupeleka zahanati Jumatatu.